Bwana Posta na Majina Kumi na Moja

Jina lake nalijua. Aliniambia mwenyewe mwaka wa kwanza, akalitamka mara mbili ili nilishike, na nikalishika. Lakini hapa siliandiki. Nimeona jina linavyoweza kumtesa mtu likiandikwa mahali pasipo pake, na nimeona linavyomtesa zaidi likikosekana panapo pake. Basi atabaki Bwana Posta, kama tulivyomwita miaka saba pale nyumbani, mimi, Baba Neema, binti yetu Neema, na Bibi wa juu, mwenye nyumba.

Sina hakika kama mimi ni mtu wa kumwandika. Niliishia darasa la saba, na daftari hili nililinunua ili niandike vipimo vya presha ya Baba Neema, asubuhi na jioni. Ukurasa mmoja presha, unaofuata Bwana Posta. Nikikosea mahali nisamehewe, maana nitajitahidi nisimwongezee wala nisimpunguzie. Hata alipotukosea nitaandika, na alipotukosea ni mara moja tu, na hata hiyo tuligawana.

Tulikaa Agincourt, mtaa wa pembeni mwa jiji kubwa la nchi hii ya baridi, kwenye besimenti, yaani vyumba vya chini ya ardhi, ya nyumba isiyo na ghorofa. Juu aliishi Bibi, Muismailia, mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kile cha zamani cha dukani: "Mama Neema, chai iko? Basi lete, usione haya." Mlango wetu ulikuwa wa ubavuni, ukishuka ngazi sita. Sisi tulikuwa watu wa kusubiri. Tulikuwa tumeomba kubaki nchi hii, ombi la kwanza likakataliwa, tukaomba la pili kwa njia ya huruma, na jibu lilikuwa linakuja kwa posta. Mtu ambaye hajawahi kusubiri barua ya namna hiyo hawezi kujua sauti ya kifuniko cha sanduku la barua. Pa! Mimi moyo ulikuwa unaruka kila siku ya kazi, kwenye saa tano.

Na mwenye kupiga hiyo pa! ndiye huyu.

Alikuwa mtu wa furaha. Furaha yake ilikuwa ya kelele, ilimtangulia kona mbili. Ungeanza kusikia mluzi, halafu funguo, halafu anamtania yule mzee Mchina wa nyumba ya pili kuhusu nyanya zake, halafu yuko kwetu. Alivaa kaptula mpaka theluji ya kwanza, na hata ya pili. Nilimwambia, "Bwana Posta, hayo magoti yamekuwa mekundu kama nyanya mbivu."

"Magoti yangu yalistaafu zamani, mama," akasema. "Hayapokei tena malalamiko."

Kiingereza changu cha kuokoteza na chake cha haraka tuliviunganisha tukaelewana. Neno "hodi" alifundishwa na Bibi wa juu, naye akalipenda kupita kiasi. Alikuwa anasimama juu ya ngazi anaita, "Hodi!" halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba ya kike, "Karibuuu!" Sauti hiyo ndiyo yangu. Neema alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, lakini mkono ulikuwa kifuani.

Kisheria, nadhani, alipaswa kuziacha barua zetu kwenye sanduku la mbele pamoja na za Bibi. Hakufanya hivyo. Alizichambua akazishusha ubavuni. Na bahasha za kaki, zile za ofisi, alikuwa na namna yake ya kuzileta. Alizifunga ndani ya matangazo ya supamaketi. Ukipokea furushi unaona kwanza viazi vimeshushwa bei, kuku, sabuni ya kufulia, na katikati ndipo bahasha ilipolala. Nilimuuliza kwa nini.

"Mtu akutane na viazi kwanza," alisema. "Akishavuta pumzi, ndipo akutane na serikali."

Ubaya ni kwamba baada ya muda nikaanza kuogopa viazi. Hilo sikumwambia.

Alikuwa na desturi nyingine, na hii naomba niieleze vizuri kwa sababu nitairudia. Akishanipa furushi lenye bahasha ya kaki, hakuondoka na wala hakutazama. Aligeuka, akanipa mgongo, akapiga mluzi akiangalia ua wa jirani. Alisubiri mpaka asikie nimefungua, nimesoma, nimeshusha pumzi. Kisha bila kugeuka anasema, "Haya mama, kesho," anapanda ngazi. Nilimwelewa hivi: kama ni habari ya kulia, nilie bila kutazamwa, lakini nisilie peke yangu. Labda nampa sifa isiyo yake. Labda alikuwa anapumzisha miguu tu. Ila Bibi wa juu, akifungua za hospitali, aliniambia alifanyiwa hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye majina, maana ndipo hofu ilipozaliwa.

Kwetu Mafinga hatukuwa na posta ya kuletewa mlangoni. Parokia ilikuwa na sanduku moja mjini, na sanduku hilo lilikuwa la mtaa mzima. Ukiandikiwa barua, inaandikwa jina lako, kisha sanduku la parokia, basi. Katekista alizichukua Ijumaa, na Jumapili baada ya misa alisimama nje ya kanisa akasoma majina. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu mia mbili wana sanduku moja. Kumnyima mtu sanduku lako ilikuwa kama kumnyima maji.

Kwa hiyo tulipopata anwani Agincourt, na wenzetu wa ibada ya Kiswahili kule Malvern wakawa hawana pa kutulia, Baba Neema aliwaambia, "Tumieni yetu." Mwanafunzi mmoja kutoka Mbeya aliyehama mara tatu North York kwa mwaka mmoja. Mke na mume waliokuwa wanalala sebuleni kwa watu. Dada wa kazi ya kulea wazee. Wengine mimi nilikuwa nawajua kwa sura tu. Wakafika wanane, na sisi watatu, kumi na mmoja. Jumapili Baba Neema alibeba barua kwenye mfuko wa plastiki, na baada ya ibada akazigawa akisoma majina kwa sauti, kama katekista wetu. Naona alikuwa anaipenda hiyo kazi. Hapa hakuwa na cheo kingine.

Bwana Posta aliuliza mara moja tu. Ilikuwa baridi ya mwaka wetu wa pili.

"Mama, familia yako humo chini ni watu wangapi?"

"Watatu."

"Wiki hii nimeleta barua za watu tisa."

"Ni ndugu," nikasema. "Ndugu wanapita."

"Ndugu wanapita," akarudia, akacheka. "Kama treni." Akaenda zake na mluzi.

Kucheka kwake kuliniacha na wasiwasi kuliko kama angekunja uso. Nilimweleza Baba Neema. Akasema, "Yule ni mtu wa sare. Mtu wa sare akicheka, anahesabu."

Halafu mwaka wa nne akaja yule mama wa koti jeusi. Alibisha mlango wa ubavuni saa nne asubuhi, ana faili mkononi, akataja jina la mmoja wa wale wanane. Nikasema hakai hapa, na ilikuwa kweli. Akauliza kwa upole, "Mbona barua zake zinafika hapa?" Nilijibu kitu, sikumbuki nini. Nakumbuka nilishika mwiko wenye unga wa ugali, na unga ulikuwa unamwagika kwenye kiatu changu. Aliandika, akashukuru, akaondoka, hakurudi tena. Hata leo sijui alitaka nini. Inawezekana lilikuwa jambo dogo kabisa.

Lakini jioni ile Baba Neema alizima redio. "Nani amewaambia?" akauliza. "Ni nani anayejua majina yote kumi na moja zaidi yetu?"

Sikutaka kulijibu swali lile, na nililijibu. "Bwana Posta."

Tukawaambia wale wanane wahamishe barua zao. Walikubali wote, wakahamisha wawili, nao baada ya muda wakarudi. Na mimi tangu siku hiyo nikaanza kumpikia Bwana Posta chapati.

Hili linaniumiza kuliandika. Nilimpa chapati mbili za kukunja kwenye karatasi ya fedha, kila Jumanne. Aliipokea ile ya kwanza kama mtu aliyepewa medali, akala akitembea. Nikasema moyoni, aliyekula kwangu hatanichongea. Ndivyo nilivyowaza, sitaki kujipamba. Je, baadaye ikawa urafiki? Nadhani ndiyo. Siku ya kuzaliwa ya Neema alileta keki ndogo kwenye mkoba wa barua, imebondeka upande. Bibi wa juu alipolazwa, alimletea barua zake mpaka wodini siku yake ya mapumziko. Na mimi nilianza kuzitia chapati siagi zaidi, na mtu huongezi siagi kwa mtu unayemwogopa tu. Au unaongeza? Sina hakika hata leo.

Naye alikuwa na hofu zake, tena si chache kwa mtu wa furaha hivyo. Mbwa aliwaogopa mno. Zile funguo alizozichezea njiani nilidhani ni ngoma yake, kumbe alikuwa anawapa mbwa taarifa ili wabweke mapema, ajue wako upande gani. Mfukoni alikuwa na biskuti za mbwa, na walipokosekana mbwa wa kuzila, alizila mwenyewe. "Si mbaya, mama," alisema. "Zinahitaji chai tu." Msemo wake mkubwa ulikuwa: barua haiumi, anayeuma ni mbwa. Alimwambia hivyo kila aliyekuwa anasita kupokea.

Siku moja Neema akamuuliza kwa Kiingereza chake cha shuleni, "Wewe ukipata barua za ofisi unafanyaje?" Bwana Posta akashika shavu. Akakiri kwamba za kwake anazirundika juu ya friji. Hazifungui. Mkewe alikuwa anazifungua, na tangu alipofariki zinalala tu, mpaka mtoto wake aje mara moja kwa miezi miwili amfungulie.

"Si ulisema barua haiumi?" Neema akambana.

"Za kwenu, mwanangu. Za kwenu haziumi."

Nisisahau jambo kubwa. Baada ya sisi kununua kisanduku cheusi cha mtumba na kukitundika mlango wetu wa ubavuni, alituomba tuandike majina ndani ya kifuniko. "Ndani, mama, si nje. Hakuna atakayeona ila mleta barua." Aliniomba mara tatu. Ya kwanza kwa mzaha, ya pili akaleta kalamu ya wino usiofutika, ya tatu akasema bila kucheka, "Siku moja nitaumwa, na atakayekuja hawajui ninyi."

Nilimpelekea Baba Neema ile kalamu. Akaitazama kama nyoka.

"Unataka tuiandikie serikali ushahidi, halafu tuutundike mlangoni kwetu?"

"Tuandike yetu matatu tu."

"Ukiandika matatu, wataniuliza mengine yanatoka wapi. Ukiandika kumi na moja, umejipeleka. Acha kitupu."

Tukaacha kitupu. Naandika "tukaacha" kwa sababu na mimi nilikuwa na mikono na kalamu ilikuwa mezani siku nyingi. Sikuchukua.

Februari iliyofuata Bwana Posta aliteleza kwenye barafu akavunjika kifundo cha mguu. Haikuwa kwenye ngazi zetu. Zetu nilizimwagia chumvi kila asubuhi. Alikaa nyumbani wiki nane. Akaja binti mmoja mbadala, mpole, mchapakazi, na simlaumu kwa lolote. Alikuta kisanduku cheusi kisicho na jina, na barua za watu wengi wasiojulikana, na mlango wa besimenti ambao mimi kwa woga sikuufungua alipobisha. Mara mbili alibisha. Nilisimama nyuma ya mlango nimebana pumzi, kwa sababu mluzi haukuwepo na sikuzijua zile hatua. Akafanya alichofundishwa. Zile barua zisizo na mwenyewe akazirudisha zilikotoka.

Ndani yake ilikuwamo yetu. Ilikuwa ya kutuita kwenye mahojiano.

Tuliambiwa mwezi Aprili, na dada wa makaratasi, yule anayetusaidia kwenye kituo cha msaada wa sheria. Alipiga simu. "Mmehama bila kunipa habari?" Nikasema hatujahama. Akasoma polepole: barua ilirudi, siku ya mahojiano ilipita, ombi limehesabiwa kuwa tumeliacha wenyewe. Maana yake kwa lugha yangu, tufungashe. Neema alikuwa amekaa mezani anachora ramani ya somo lake. Nilimwangalia yule mtoto, Kiswahili chake cha kuelewa tu, majibu yote Kiingereza, nikajiuliza Mafinga atamjibu nani.

Dada wa makaratasi alisema njia ipo moja. Tuandike maelezo kwa nini barua haikutufikia, tuombe faili lifunguliwe tena, na siku tulizo nazo ni chache.

Baba Neema alikuwa na maelezo tayari. "Mleta barua ameipoteza. Andika hivyo. Yeye ana kazi, ana chama cha wafanyakazi, ana pensheni. Hawatamfanya kitu. Sisi tutafanywa."

"Lakini hakuipoteza. Hata hakuwepo."

"Mama Neema, huu si wakati wa kuwa malaika."

"Si malaika. Ni kwamba hakuwepo."

"Alituomba majina mara tatu. Unajua kwa nini? Ili siku moja aseme niliwaambia. Umeona sasa?"

Usingizi haukunijia, na sitaandika niliyoyawaza, mengine yalikuwa mabaya. Kwa uaminifu niseme kwamba maneno ya Baba Neema yalinivuta. Kulikuwa na saa nzima ambayo nilikuwa tayari kuandika kuwa ameipoteza.

Wiki ile ile Bwana Posta akarudi. Nilisikia hatua za mguu mmoja mzito na gongo la kuegemea, kisha "Hodi!" bila ile karibu ya kujijibu. Alikuwa hajaruhusiwa kubeba mkoba. Alikuja na miguu yake kusalimia njia yake ya kugawia barua, alivyosema, kama mtu anayesalimia shamba. Nikamkaribisha ndani, kwa mara ya kwanza ndani kabisa, akakaa kwenye kochi letu. Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye barua kurudishwa alivua kofia.

"Ni mimi," alisema.

"Hukuwepo."

"Ndiyo maana ni mimi. Kila mleta barua anatakiwa aache maandishi kwa atakayemshikia njia. Mlango fulani kuna mbwa, mlango fulani ngazi mbovu, mlango fulani wakaaji ni hawa. Ninyi sikuwaandika. Nilikuwa nawajua kichwani, nyote kumi na mmoja." Akahesabu kwa vidole bila kutaja majina. "Niliogopa, mama. Nikiandika majina kumi na moja kwenye besimenti ya watu watatu, bosi akisoma, nani atawabishia mlango? Nikasema bora yakae kichwani. Kichwani hayaonekani."

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa tunamwogopa yeye, na yeye alikuwa anaogopa kwa ajili yetu, na woga wa pande zote mbili ndio ulioirudisha ile barua.

Aliomba karatasi. Nilichana humu humu kwenye daftari, ukurasa mtupu uliofuata presha ya Aprili. Akaandika maelezo yake kwa mkono, mwandiko mkubwa wa kitoto, kwamba tunaishi hapo, kwamba hatujahama hata siku moja, kwamba yeye hakuacha taarifa kwa mbadala wake. Nilimuuliza kama ataandika na habari ya wale wengine.

"Wameuliza barua moja. Najibu barua moja."

Baada ya kuondoka, nikaandika yangu. Nilifuta mara nne. Niliandika kwamba aliyoyasema Bwana Posta yasichukuliwe kuwa kosa lake peke yake, kwa sababu alituomba majina mara tatu tukakataa. Niliandika kwamba tuliwaazima watu anwani yetu kama kwetu tunavyoazimana sanduku la posta, na hatukujua kuwa hapa ni vingine, na tulipojua tukaogopa. Majina ya wale wengine sikuyatia. Si yangu.

Baba Neema alisoma amesimama. "Unajitia kitanzi na mimi humo humo."

"Bila hiyo, yeye ndiye atakayekivaa."

Siku mbili hakunisemesha ila "pita" na "lete." Presha yake ilipanda, imeandikwa hapa. Siku ya tatu asubuhi nilikuta sahihi yake chini ya yangu. "Kama ni kuzama," alisema akifunga viatu vya kazi, "tuzame wote."

Bwana Posta alinisindikiza mpaka kwenye sanduku jekundu la posta pale kona, na gongo lake. Dada wa makaratasi alikuwa ametuma nakala kwa kompyuta, lakini alitaka na karatasi zenye sahihi ziende. Nilivuta mdomo wa sanduku nikaingiza mkono, na mkono ukakataa kuachia. Nilisimama hivyo, gari zinapita. Yeye akageuka, akanipa mgongo, akaanza mluzi. Alipiga wimbo mzima. Ndipo nikaachia.

Faili lilifunguliwa tena. Tuliitwa, tulihojiwa, tukaambiwa tusubiri. Yeye aliitwa na mkubwa wake akapewa onyo la maandishi. Nilimuuliza limesemaje. "Sijui, mama. Liko juu ya friji pamoja na wenzake." Mwisho wa mwaka alistaafu. Siku yake ya mwisho alitembea njia nzima na keki, kila nyumba kipande. Na ndani ya kifuniko cha kisanduku cheusi kulikuwa na majina matatu kwa wino usiofutika, mwandiko wangu. Alikifungua, akayasoma yote kwa sauti kama katekista, akakifunga. Pa!

Sasa namalizia na Alhamisi iliyopita.

Jibu lilifika Jumatano. Mleta barua mpya hafungi kwenye viazi. Bahasha ilikuwa uchi. Baba Neema aliishika, akaipima kwa kiganja, akasema tuifungue Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa karibu. Nikakubali, kisha nikashindwa kuiacha nyumbani. Niliiweka kwenye mkoba wangu, nikaenda nayo dukani, nikijua ni ujinga.

Kwenye kona ya unga, nani yuko pale? Amevaa kaptula, magoti yale yale, ameshika pakiti ya unga unaoumuka wenyewe.

"Huo hapana," nikamwambia. "Huo ni wa keki. Chapati zako zitafura kama godoro."

Alifurahi kwa kelele mpaka mama mmoja akaondoa toroli lake. Akaniambia anajaribu tangu alipostaafu, na kila Jumanne anashindwa. Tukaongea juu ya Bibi, na Neema. Halafu akaweka unga chini.

"Mama, nikuulize? Zile chapati. Ulikuwa unaniogopa?"

Ningeweza kukana. "Ndiyo," nikasema.

"Nilijua." Alisema kwa upole kabisa. "Chapati ya kwanza ilikuwa ya woga. Karatasi yake ilikuwa inatetemeka. Nikasema nisipoila, huyu mama ataogopa zaidi. Nikaila."

"Na zilizofuata?"

"Zilizofuata zilikuwa na siagi."

Nilitaka kucheka, na nilipofungua mkoba kutafuta kitambaa, macho yake yakaangukia mle ndani. Miaka thelathini ya bahasha haiondoki machoni. Hakuuliza ni nini.

"Tangu lini?"

"Jana. Tutaifungua Jumapili."

"Jumapili ni vizuri," alisema. Kisha, kama anajisemea, "Zangu ziko juu ya friji. Najua zinavyokuwa nzito zikilala."

Tulisimama. Niliitoa. Niliwaza Baba Neema na ahadi yetu, na najua nilimkosea, nimemwambia na amenisamehe nusu. Bwana Posta aligeuka. Alinipa mgongo pale pale katikati ya unga na mchele, akaanza mluzi, na watu wakawa wanampita.

Nilichana. Kiingereza cha ofisi huwa namwachia Neema. Mara hii nilisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Majina yetu matatu yalikuwa juu, yameandikwa sawasawa. Mstari wa kwanza nikausoma, nikarudi mwanzo, nikausoma tena, nikashika rafu. Tumekubaliwa. Tunabaki.

Yeye alikuwa bado anapiga mluzi, mabega yamepanda, kama mtu anayesubiri mbwa abweke. Miaka yote ile nilikuwa nasikia "haya mama, kesho," kisha hatua zinapanda ngazi. Sasa hapakuwa na ngazi, wala kesho yake haikuwa ya kwangu tena. Na sijawahi, hata mara moja, kumwambia asante akiwa ananitazama.

"Bwana Posta," nikasema. "Geuka."